Simu yako ina mkono wa Sophie na Lynn

Juni, mwezi wa Pride wa watu wa LGBT, ikifika kampuni za teknolojia zinapaka logo zao rangi za upinde wa mvua, Julai mosi zishafuta, na sisi wa hii kazi tunacheka tu. Mimi nasherehekea watu wenyewe, na kwenye mambo ya kompyuta wapo kibao.

Hiyo simu uliyoshika, iwe Tecno iwe iPhone, karibu hakika inatumia chipu ya aina ya ARM, na seti ya maagizo ya ARM, yaani zile amri ambazo chipu inazielewa, ilibuniwa na Sophie Wilson, mwanamke trans (alizaliwa akaitwa mvulana), pale kampuni ya kompyuta ya Acorn, Cambridge, Uingereza, akiwa na mwenzake Steve Furber. Chipu ya kwanza iliwafikia Aprili 1985, wakaijaribu ikafanya kazi, kuja kupima inakula stima kiasi gani mita inasoma sifuri! Kumbe waya wa stima haujaunganishwa kabisa, chipu inajiendea na kale kastima kanakovuja kutoka saketi za pembeni. Ndio maana simu yako inakaa na chaji, kwa kweli.

Halafu kuna Lynn Conway, na hapa stori inauma. IBM walimpiga kalamu 1968 aliposema anabadili jinsia, ikabidi aanze upya na jina jipya kama programa wa kawaida, na ile kazi kali aliyofanya IBM hawezi hata kuitaja maana atajulikana. Na bado huyo huyo akiwa maabara ya utafiti ya Xerox PARC, pamoja na Carver Mead, wakaja na njia ya kubuni chipu ambayo hata mwanafunzi anaiweza, wakati zamani hiyo ilikuwa kazi ya mainjinia wachache ndani ya kampuni kubwa. 1978 akaenda kuifundisha chuo cha MIT kule Marekani, wanafunzi wakachora chipu zao na zikatengenezwa kweli kweli, wakazishika mkononi.

IBM waliomba msamaha 2020. Miaka 52 jamani! Angalau alikuwa hai kuusikia, amefariki 2024.

Lakini kinachonifurahisha zaidi ni kitu cha kiofisi tu: IEEE, kile chama kikubwa cha mainjinia wa umeme, kanuni zake za maadili zinakataza kumbagua mtu kwa sababu ya anayempenda au utambulisho wake wa jinsia, na hilo la utambulisho Lynn mwenyewe alikuwa kati ya waliolipigania hadi likaingia. Na IEEE iko hadi Kenya, kwa hivyo injinia mwanachama akianza kukuletea maneno kazini, mwambie tu akasome alichokubali siku anajiunga.