Kamekunywa?

Jana jioni binti yangu aliniletea daftari. Mwalimu wao kawaagiza wakusanye maneno ya mtaani ya kuelezea vitu vidogo sana. Alikwishaandika teeny, titchy, itty-bitty na, juu kabisa, wee. Chini ulibaki mstari mmoja wa neno la nyumbani.

"Mama, wee kwa Kiswahili ni nini?"

Alizaliwa Glasgow, Uskoti, wiki ya 29 ya mimba, gramu 1,180. Madaktari walipita na kusema small, na kila small ilinichoma kama hukumu. Wee ya watu wa huko nilikuwa nimeizoea kidogo, miezi ya mwanzo ilinigeuza shingo kwenye basi, maana kwetu "wee!" ni ya kumkemea mtu.

Usiku wa pili nesi, mama mtu mzima wa hukohuko, alinikuta nimeshika kichupa. Nimekamua karibu saa nzima, na dang'a, yale maziwa ya kwanza, niliyopata haikufunika hata kitako chake. Nilitaka kuimwaga. Akanishika mkono. Akaivuta yote kwa bomba lisilo na sindano, mililita 1, akaliinua kwenye mwanga. Ilikuwa ya manjano, nzito.

"A wee drop," akasema taratibu, kama anayetaja jina la mtu.

Akaliunganisha bomba na mrija uliopita puani mwa mwanangu, akaliinua, akaiacha dang'a ishuke yenyewe. Hakusukuma. Tuliitazama mpaka ikaisha. Mwanangu akafumba kiganja kwenye ncha ya kidole changu.

Baadaye sana nilisoma kwamba wee limetokana na neno la kale la Kiingereza lililomaanisha uzani. Nikaikumbuka ile mililita.

Asubuhi yake mama alipiga simu kutoka Korogwe. Neno njiti, la mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, nilikuwa naliogopa, kwa sababu njiti huvunjika. Hakulitamka.

"Kamekunywa? Kamelala?"

Ka- ileile ambayo ukimtupia mtu mzima ni tusi. Nililia pale pale ukumbini.

Sasa nimwandikie nini mtoto? Kadogo? Kiduchu? Naona yanapima tu, hayabembelezi. Na ka- haikai peke yake kwenye mstari, inataka kitu cha kushika. Nimemwambia aache wazi kwanza. Bibi yake hupiga simu saa mbili usiku.