Kamera ya kabatini

Kamera yangu niliinunua kwa akiba ya miaka mitatu, na muda mwingi imekaa kabatini kama vyombo vya wageni. Harusini naitoa. Sokoni Mwanjelwa au ndani ya bajaji, hapana. Naogopa vumbi, mvua, vibaka.

Jumamosi nilikwenda Uyole kumsalimia mama. Nilimkuta uani anachambua maharage, milima bado imefunikwa na ukungu, mwanga laini ajabu. Nikatoa simu nimpige picha. Akaniuliza, "Mwanangu, ile kamera yako ni ya maharusi tu?" Nilikosa jibu. Iliniuma kweli.

Niliporudi nikaifungua. Ndani ya lenzi kuna nyuzi nyembamba kama utando wa buibui: fangasi. Giza la kabati na unyevu wa huku kwetu Mbeya ndivyo vinavyowalea. Nilivyoikinga na mvua ya nje, kumbe inaharibika humo humo ndani!

Nimeipeleka kwa fundi. Nimenunua boksi lisilopitisha hewa, nikaweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ikitoka tu narudi Uyole, kamera shingoni. Nimemwomba mama asibadilishe nguo, avae kitenge kilekile cha kazi.