Dada na bima ya California

Jana dada kanipigia kutoka California, mimi niko kwenye foleni ya Jangwani, Dar es Salaam. Kampuni ya bima imekataa kuhuisha bima ya nyumba yake. Na hajawahi kudai hata senti! Kosa lake ni kujenga mlimani, katikati ya vichaka vinavyokauka kiangazi chote. Tangu moto wa Januari 2025 uteketeze Palisades na Altadena, hofu imezidi. Kabaki na FAIR Plan, kimbilio la waliokataliwa kwingine: moto inalipa, wizi hailipi. Na bila bima, benki iliyomkopesha haimwachi apumue.

Nikatazama bonde la Msimbazi pale chini. Mafuriko ya 2011, watu wakapelekwa Mabwepande, wengine wakarudi bondeni. Bima? Nani kaiuliza!

"Mdogo wangu, kile kiwanja cha Bunju bado kipo?"