Siku anko alinisindikiza kununua pawa

Hii ilikuwa 2019, mwaka mmoja hivi baada ya serikali kufunga ukataji miti kwa misitu ya umma, ile Februari 2018, na kama ulikuwa mtu wa mbao huku Western, Kenya, unakumbuka vile mambo yaligeuka. Wanunuzi waliozoea sipresi ya msitu wa serikali walianza kuzunguka mashambani wakiulizia blugamu na grivelia za watu, mbao zikapanda bei, na sisi wenye pawa za kubahatisha, yaani pawasoo, misumeno ya injini, tukawa tunapigiwa simu hadi Jumapili tukiwa kanisani.

Yangu ilikuwa cc 58, yaani ukubwa wa injini, zile za kutoka China. Niliinunua ikiwa imetumika na mwenyewe akaniambia aliikatia kuni tu, mimi nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Kwa kuni na matawi haikuwa na neno. Shida ni kupasua. Kukata gogo kwa kulivuka hata kamashine kadogo katafika, pole pole, lakini ukipasua mbao unafuata urefu wa mti, injini inalia kwa nguvu zote dakika baada ya dakika bila kupumua, na hapo ndipo utajua kama uko na mashine ama uko na kelele.

Basi kuna mama mmoja upande wa Mbale, mjane, alikuwa na blugamu ya marehemu mzee wake, imeota katikati ya yale mawe makubwa ya Maragoli, shina lake watu wawili wakikumbatia mikono haikutani. Alitaka mbao za kuezeka jikoni, ruhusa ya kukata alikuwa nayo. Kuangusha tuliangusha vizuri, sitadanganya, ulilala pale pale nilipotaka. Kesho yake tukapiga laini na ule uzi wa kuchovya kwa unga mweusi wa betri za redio, nikawasha, nikaingia. Futi nne tu mashine ikaanza kuchemka, inazima, nangoja ipoe, navuta kamba, inaenda kidogo, inazima tena, na blugamu ukisitasita nayo haikungoji, mkato ukajifunga ukabana baa (nasema baa ya pawa, ule ubapa wa chuma cheni inazungukia, si ya pombe, ingawa siku hiyo nilizifikiria zote mbili). Cheni haiendi mbele hairudi nyuma. Nikagonga kabari mbili zikazama zote na hakuna kitu kilisonga. Yule mama alikuwa ametuletea chai na viazi vitamu, amesimama pale anatazama tu, haulizi, na hiyo ya kutouliza ndiyo iliniuma zaidi.

Ikabidi nipigie jamaa mwingine wa pawa, mtu tunayenyang'anyana wateja, akuje anitoe. Alikuja na mashine kubwa, akapitisha mkato kando ya wangu, dakika tano baa yangu iko nje. Akachukua 1,000 yake na akamwambia mama nikisikia, "Siku ingine mama, uniite mapema."

Sikulala. Bahati nzuri zamu yangu ya kupokea pesa za chama, ile tunachangiana, ilikuwa mwezi huo, nikauza na ndama mmoja, ikafika karibu 90,000, nikaenda kumwambia anko.

Anko ni ndugu ya mama yangu, na ndiye alinifunza hii kazi. Yeye alianza na msumeno wa shimo, ule mmoja anasimama juu ya gogo na mwingine yuko chini anakula vumbi, halafu baadaye akapata ile pawa kubwa ya zamani ya cc 106 na akaishika zaidi ya miaka ishirini. Kwake hakuna mashine ingine duniani. "Nunua 106," akasema. "Hizo zingine ni za kunyoa ua." Akasema lazima tuende pamoja kwa sababu mimi nitadanganywa, na pesa akazibeba yeye, akaziweka mfuko wa ndani wa koti na akafunga na pini, kwa sababu Kisumu ni Kisumu.

Tulitoka Majengo asubuhi na mvua, dirisha la matatu halifungi, anko amekaa hapo kwa dirisha amenyeshewa mikono mpaka tukapita Kiboswa. Tukaanzia soko la Kibuye. Pale kijana mmoja alituonyesha mashine rangi zote sawa na ya Stihl, ile kampuni ya pawa, bei karibu nusu, nikakwaruza stika na ukucha ikaanza kutoka. Anko alisonya tukaondoka.

Duka tuliloingia mwishowe lilikuwa huko mjini, na aliyekuwa kaunta ni mama mmoja mtu mzima, miwani imening'inia shingoni. Akamkaribisha anko kwanza, "Baba, karibu, keti," halafu akanigeukia. "Na wewe kijana, unaangusha ama unapasua?"

Nikasema zote, sana sana kupasua.

"Masaa mangapi kwa siku?"

Hilo swali hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza. Mimi nilikuwa nimekuja na cc kichwani, cc peke yake, vile mtu huuliza gari inakimbia ngapi. Nikapiga hesabu, nikasema sita, saba. Akanishusha mbili akaziweka sakafuni. Moja ni ile ya anko, 106. Niliiinua, na wacha nikuambie, hiyo ni zaidi ya kilo kumi kabla hujaweka baa wala petroli. Ingine ilikuwa Stihl MS 381, cc 72, kilo sita na nusu hivi bila baa. Anko alikuwa ameshainama anapapasa ile kubwa kama mtu amekutana na ng'ombe wake aliyepotea.

"Ni hii," akasema. "Lipa twende."

Lakini pesa alikuwa nazo yeye. Akaingiza mkono kwa koti kufungua pini, na haikufunguka. Akajaribu tena. Nikadhani imeshika uzi, nikasogea, ndio nikaona vidole vyake. Vilikuwa vyeupe. Si weupe wa kusema vimepauka na baridi, nyeupe kama vimepakwa chokaa, kutoka kwa kucha mpaka kiungo cha pili, vinne kwa mkono mmoja, na vilikuwa vinaparaza ile pini bila kuisikia. Nilikuwa nimeviona hivyo nyumbani asubuhi zingine akinawa uso, na kila siku alisema ni baridi, nasi tukasema ni baridi. Shati lake hufungwa vifungo na mke wake, nilidhani ni mapenzi.

Yule mama naye aliona. Akavaa miwani. "Baba, pawa umeshika miaka mingapi?"

Anko hakujibu. Mama akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, ni ule mtetemo, ukiingia mikononi miaka mingi unaharibu mishipa ya damu na ya fahamu kwa vidole, na ikishafika hapo hairudi vizuri. Akashika mkono wa juu wa ile 381 akautikisa nione vile unacheza kidogo, haujafungwa moja kwa moja kwa injini. Ile kubwa akaitikisa hivyo hivyo. Ilikuwa kitu kimoja, chuma kwa chuma.

Nikafungua pini mimi mwenyewe, nikahesabu pesa mimi mwenyewe, na nikalipia 381. Pia nikachukua cheni ya kupasulia, ile meno yake yananolewa digrii 10 badala ya 30 za kawaida, na chupa ya oili, maana mama alisisitiza lita 5 za petroli ni mililita 100 ya oili yao na si ile ya kupimiwa na kifuniko cha soda kwa pampu. Kurudi, anko hakuniongelesha mpaka nyumbani.

Tenki tatu za kwanza niliipeleka pole pole bila kuikaza ikiwa haina mzigo, vile nilielezwa, halafu nikarudi kwa yule mjane nikamaliza mti wake. Kupasua kwenyewe hakuna hadithi, mashine iliingia huku ikatokea kule, hivyo tu.

Anko aliisusia karibu miezi miwili. Siku moja akanipata nyuma ya nyumba yake napasua kipande cha grivelia, akanyoosha mkono bila kusema kitu, nikampa. Alienda futi nane bila kusimama, laini imenyooka kuliko zangu zote mpaka leo. Akaizima, akaiweka chini, akaangalia mikono yake mbele na nyuma.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini haina sauti. Sasa majirani watajuaje nimeanza kazi?"