Mfumo wa Kuvuta Vumbi Uliojengwa Ndani ya Kuta: Je, Unafaa kwa Nyumba ya Mawe Nakuru?

Tangu tulipoanza kujenga huku Ngata, nje kidogo ya jiji la Nakuru, jamaa na marafiki wengi wameniuliza iwapo mfumo wa kuvuta vumbi unaojengwa ndani ya kuta za nyumba unastahili gharama yake. Jibu langu ni kwamba unastahili katika nyumba ambayo bado haijamwagwa slabu au haijafungwa dari, hasa ikiwa ataishi humo mtu mwenye shida ya kifua, lakini katika nyumba nyingi zilizokwisha kupigwa plasta na kupakwa rangi, fedha hizo zina kazi bora ya kufanya. Nina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mama yangu ana pumu, anaishi nasi, na kiangazi cha kuanzia Desemba hadi Machi humtesa kuliko msimu mwingine wowote.

Kwa wale ambao hawajawahi kuuona, mfumo wenyewe si mgumu kuuelewa. Mashine moja kubwa yenye mota na pipa la uchafu hufungwa mahali pasipokaliwa na watu, kama vile stoo au gereji, na kutoka hapo mabomba ya plastiki yenye kipenyo cha takriban milimita 51 hupitishwa ndani ya kuta, chini ya sakafu au juu ya dari hadi kwenye matundu machache ya ukutani yenye vifuniko. Anayesafisha hubeba mpira wa urefu wa mita 9 hivi, akauchomeka kwenye tundu lililo karibu, na mota ikawaka yenyewe, kwa kuwa sambamba na kila bomba huenda waya mbili za umeme mdogo wa volti 24 ambazo kazi yake ni kuiwasha na kuizima mashine. Vumbi husafiri hadi kwenye pipa, na hewa iliyolibeba, mfumo ukifungwa inavyopasa, hutolewa nje ya nyumba kabisa.

Hilo la hewa kutolewa nje ndilo lililonivutia. Mashine ya kawaida ya kuvuta vumbi, ile ya kukokotwa sakafuni, huirudisha hewa chumbani baada ya kuichuja, na ikiwa chujio lake si la kiwango cha HEPA, yaani lenye uwezo wa kunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa maikromita 0.3, lile vumbi jembamba zaidi hurudi lilikotoka. Huku kwetu vumbi jembamba ndilo tatizo hasa. Udongo wa sehemu kubwa ya Nakuru, kuanzia miteremko ya Menengai hadi kingo za ziwa, umetokana na majivu ya volkano, nao ni mwepesi mno. Ufagio hukusanya mchanga na makombo, lakini vumbi lenyewe huliinua tu. Asubuhi, sebule ikishafagiwa na jua likiwa linaingia kwa dirisha la mashariki, unaliona likielea katika ule mwanga, na muda si mrefu limetua tena juu ya meza, nyuma ya runinga na kwenye vitambaa vya makochi. Mama huanza kukohoa wakati huo huo, wala hahitaji daktari kumweleza kwa nini.

Ni haki niseme pia kwamba kwenye sakafu ya vigae au ya simenti iliyong'arishwa, kupiga deki kwa kitambaa chenye unyevu hulinasa vumbi vizuri sana, tena kwa gharama ya maji na sabuni. Mwenye nyumba ya vigae tupu, bila zulia, hana haja kubwa ya mfumo huu. Lakini sebule zetu nyingi zina zulia kubwa katikati, makochi ya kitambaa, mapazia mazito ya tabaka mbili na magodoro ambayo hayawezi kupigwa deki, na huko ndiko vumbi hujificha kwa miezi.

Nimeuona mfumo huu ukifanya kazi nyumbani kwa shemeji yangu huko Riat, juu ya Kisumu. Msimu wa wale wadudu wa ziwani, wanaopanda kwa makundi kutoka Ziwa Victoria wakifuata taa, asubuhi hukuta marundo yao waliokufa chini ya kila dirisha, na mpira huyamaliza kabla chai haijaiva. Mota ilikuwa gereji. Sebuleni tulisikia tu sauti ya hewa ikipita bombani, na mtoto aliyelala chumba cha pili hakuamka. Shemeji alinifungulia pipa nilitazame. Juu kulikuwa na nywele, nyuzi za zulia na mabawa ya wadudu, na chini yake vumbi la kijivu, laini kama unga wa wimbi, ambalo halikuwa limetoka kwenye sakafu bali kwenye makochi na magodoro. Nilipoliona hilo ndipo nilipoanza kuulizia bei.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1901 Mwingereza Hubert Cecil Booth alipata hataza ya mashine ya kuvuta vumbi iliyokuwa kubwa kiasi cha kukokotwa na farasi hadi mbele ya nyumba ya mteja, kisha mipira ikapitishwa madirishani. Nchini Marekani, katika miaka hiyo hiyo, David T. Kenney alikuwa akifunga mashine kubwa chini ya majengo na kupandisha mabomba ya chuma hadi vyumbani. Mashine ndogo ya kusukumwa kwa mkono, aliyoipatia hataza James Murray Spangler mwaka 1908, ilikuja baadaye, na kwa sababu ilikuwa rahisi kuinunua, ile ya kujengwa ilibaki ya matajiri hadi mabomba ya plastiki yalipoenea.

Sasa nije kwenye kuta, maana hapa ndipo ushauri mwingi unaosomwa mtandaoni unapotupotosha. Ushauri huo umeandikwa na watu wa Marekani na Kanada, ambako nyumba nyingi za makazi zina fremu ya mbao na kuta zake zina uwazi ndani, hivyo fundi anaweza kupitisha bomba katika nyumba iliyokwisha kukaliwa bila kubomoa chochote cha maana. Nyumba zetu ni za mawe ya machimbo yaliyokatwa kwa mashine. Ukuta wa inchi 6 una unene wa milimita 150 hivi, na kanuni inayofuatwa na wajenzi waangalifu ni kwamba mfereji wa wima unaochimbwa ukutani usizidi theluthi moja ya unene wake. Theluthi ya milimita 150 ni milimita 50, na bomba lenyewe ni milimita 51 kabla hujafikiria plasta ya kulifunika. Kwa hiyo, anayekuambia atakata ukuta wako wa inchi 6 kuanzia darini hadi chini, tena katika vyumba kadhaa, anakuuzia nyufa pamoja na vumbi atakalolitoa.

Kuna njia tatu zinazokubalika. Ya kwanza ni kulaza bomba kuu chini ya slabu ya sakafu, kwenye murram iliyoshindiliwa, kabla ya karatasi ya nailoni na wavu wa chuma wa BRC wa kuimarisha zege kuwekwa. Lisilazwe ndani ya zege lenyewe, kwa sababu slabu ya inchi 4 inayobeba bomba la inchi 2 imepunguzwa nusu ya unene wake mahali hapo. Ya pili, ambayo ndiyo niipendayo kwa nyumba isiyo na ghorofa, ni kulipitisha bomba juu ya dari na kuliteremsha ndani ya kona ya kabati la nguo, ambako halihitaji kuchimbiwa chochote. Tundu hutokezwa upande wa pili wa ukuta, kwenye ushoroba. Ya tatu ni kujenga ukuta mmoja wa inchi 9 mahali panapofaa na kuyakusanyia mabomba huko. Njia ya kabati ndiyo pekee ninayoweza kumshauri mtu ambaye nyumba yake imekwisha kukamilika. Mwenye nyumba ya ghorofa iliyokamilika, ambaye atalazimika kutoboa slabu ya juu, ningemsihi aachane na jambo hili.

Fundi wangu wa mabomba, mtu hodari sana kwa kazi ya maji, aliutazama mchoro na kuniuliza, "Mama, hili ni la maji safi au maji machafu?" Lilikuwa swali la maana, kwa sababu viungo vya maji machafu vinavyouzwa madukani vina kona kali na ukingo mdogo ndani, na kwenye ukingo huo nywele na nyuzi hujikunja mpaka bomba linaziba. Bomba la vumbi linahitaji kona pana zinazopinda taratibu, na kona kali moja tu, ile iliyo nyuma ya tundu la ukutani, ili kitu kirefu kama penseli kikwame pale mkono unapofika badala ya kukwamia chini ya sakafu. Gundi nayo hupakwa nje ya bomba linaloingia, si ndani ya kiungo, ili isisukumwe mbele na kuacha uvimbe mahali hewa inapopita.

Jambo ambalo sijaona likitajwa na wauzaji ni mwinuko. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo shinikizo la hewa ni takriban asilimia 80 ya lile la pwani. Mashine ya kuvuta vumbi haina nguvu nyingine ila tofauti ya shinikizo inayoitengeneza, kwa hiyo mota ile ile inayotangazwa kuwa na uwezo fulani itapungukiwa na karibu moja ya tano ikifika hapa. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, upungufu ni kama asilimia 13 tu. Eldoret, kwenye mita 2,100, unapita asilimia 20. Mashine nyingi za nyumbani hutangazwa kuwa na wati za hewa, yaani kipimo cha nguvu ya kuvuta, kati ya 500 na 700. Kwa Nakuru ningechukua iliyo juu katika kiwango hicho, na ningeyafupisha mabomba kadiri inavyowezekana kwa kuiweka mashine katikati ya nyumba badala ya mwisho wake.

Kuhusu stima, hofu ya watu ni kubwa kuliko gharama yenyewe. Mota ya kilowati 1.8 ikiwashwa kwa dakika 20 hula uniti 0.6 za tokeni, kiasi ambacho pasi ya nguo hukila bila kulalamikiwa. Tatizo ni kwamba inverta ndogo ya sola haitaweza kuiwasha, na jamaa walioko Marekani wanaojitolea kutuma mashine kutoka huko wajue kwamba za kwao nyingi ni za volti 120, ilhali zetu ni 240. Aidha, mashine na vipuri vyake huagizwa kutoka nje, vinatozwa ushuru na VAT ya asilimia 16, na ukikosa chujio itakubidi usubiri. Ni afadhali kununua machujio ya akiba siku ile ile unaponunua mashine, na kuchagua mota ambayo hewa ya kuipoza haichanganyiki na hewa chafu, maana chembe za majivu ya volkano ni ngumu na hula vyuma.

Atakayeutumia mpira huo mara nyingi ni dada wa kazi, naye anastahili kuelezwa kwa subira mambo mawili. Kwanza, mpira usivute kitu chenye maji. Katika nyumba zetu deki hupigwa kila siku, na vumbi la Nakuru likikutana na unyevu ndani ya bomba lililo chini ya slabu hugeuka tope, tope likakauka, na hakuna wa kulitoa. Kwa sababu hiyo nimelikataa lile tundu la jikoni linalowekwa chini ya kabati ili uchafu ufagiliwe moja kwa moja ndani yake, ingawa wauzaji hulisifu sana. Pili, mtu asiwahi kuvuta masalio ya simenti au jipsamu baada ya mafundi kufanya ukarabati.

Kwa yule ambaye nyumba yake imekamilika na hana nafasi ya njia ya kabati, ningesema anunue mashine ya kukokota yenye chujio la HEPA, azibe nafasi zilizo chini ya milango na pembeni mwa madirisha ya chuma, apande nyasi mahali penye udongo mtupu, na alipunguze zulia. Mgonjwa wa pumu anaweza kupata nafuu kwa hayo.

Sisi tumeamua kuweka mabomba na waya sasa, na mashine tutainunua baadaye; wajenzi wa Kanada hufanya hivyo mara nyingi, na gharama ya mabomba matupu ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya vigae. Nyumba yetu ya mita za mraba 150 itakuwa na matundu matatu. Mahali pa kila tundu tulipata kwa kamba ya mita 9: mmoja anashika mwisho mmoja pale tundu linapopendekezwa, mwingine anatembea na mwisho wa pili kupitia milangoni hadi kona ya mbali kabisa, na kamba isipofika, tundu linahamishwa. Midomo yote imefungwa kwa vifuniko vilivyogundishwa kidogo, panya na sisimizi wasiingie. Kabla ya bomba lolote kufunikwa tunalipiga picha likiwa na tepu ya kupimia kando yake, ionyeshe umbali kutoka kwenye kona mbili za ukuta, na picha hizo zitawekwa pamoja na ramani ya nyumba ili fundi yeyote atakayekuja kutoboa sakafu ajue pa kukwepa.