Mizabibu ya Santorini

Jamani, leo nimeshinda kwenye mashamba ya zabibu hapa Santorini, Ugiriki.

Mvua ni haba, upepo nao ni mkali ajabu. Basi mzabibu hausimamishwi. Wakulima wanayasuka matawi yake kwa mduara, chini kabisa, mpaka linatokea umbo la kikapu. Wenyewe wanakiita kouloura. Zabibu hukulia humo ndani, zimekingwa.

Mzee mwenye shamba alichuchumaa, akayafunua majani kwa vidole, akanionyesha kishada cha Assyrtiko, aina ya zabibu za hapa, kimejificha, udongo wa volkano ukiwa chini yake.

Mikono ile, migumu lakini mipole mno! Imenigusa sana.

Vinsanto, mvinyo wao wa zabibu zilizoanikwa juani, ni mtamu kweli, ila moyo wangu umebaki shambani.

Kwenu ni zao gani linatunzwa hivi? Niambieni.