Kwa baiskeli kutoka Teruel hadi Sagunto: siku tatu juu ya tuta la reli ya madini

Treni ya mkoa kutoka Valencia, mashariki ya Hispania, ilitushusha Teruel mchana. Treni za njia hii ni chache kwa siku na kila moja ina nafasi chache za baiskeli. Nafasi ya baiskeli huombwa pamoja na tiketi, na ni vizuri kuulizia mapema kama reli haijafungwa kwa matengenezo.

Kituo kiko chini, mji uko juu, na kati yake kuna ngazi ndefu iitwayo Escalinata. Mwenye mizigo asijaribu kuipanda na baiskeli begani; lifti iko karibu. Juu kuna minara ya matofali yenye vigae vya kijani na vyeupe, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1986. Mtindo wake unaitwa Mudéjar, jina walilopewa Waislamu waliobaki chini ya wafalme wa Kikristo. Mnara wa El Salvador unafunguliwa kwa wageni, na aliyezoea kuona minara ya misikiti hatahitaji kuelezwa ulikotoka ufundi huo.

Njia tuliyoifuata inaitwa Vía Verde de Ojos Negros. Vía Verde ni njia ya kijani: tuta la reli iliyokufa, mataruma yameng'olewa, kokoto zimesawazishwa, magari yamezuiwa. Mpango huo wa Hispania ulianza mwaka 1993 na sasa una zaidi ya kilomita 3,000 nchi nzima. Hii ya Ojos Negros, yenye kilomita 160 hivi, ndiyo ndefu kuliko zote.

Ili uielewe, anza na treni yake. Kampuni ya Sierra Menera, iliyoundwa mwaka 1900, ilichimba chuma kwenye milima ya Ojos Negros na kutaka kukifikisha bandarini Sagunto. Tayari ilikuwepo reli ya kampuni nyingine inayoshuka upande huohuo, ila hawakuelewana juu ya nauli ya mzigo. Basi wakajenga ya kwao kando yake, kilomita mia mbili na kitu, ikaanza kazi mwaka 1907. Upana wake ulikuwa mita moja, sawa na reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu. Mwaka 1972 madini yalihamishiwa kwenye reli ya jirani, na hii ikaachwa.

Msafiri anarithi mambo mawili kutokana na ugomvi ule. La kwanza ni zuri: reli ya jirani bado hai, haiko mbali na tuta kwa sehemu kubwa ya safari, hivyo anayechoka au kuvunjikiwa anaweza kutafuta kituo. La pili ni baya kidogo. Treni ya madini haikujali abiria, kwa hiyo tuta linapita pembeni ya vijiji badala ya katikati. Njia za kijani zilizokuwa reli za abiria, kama ile ya Val de Zafán inayoshukia Tortosa, hukupitisha kwenye vituo vya zamani, na baadhi vimegeuzwa nyumba za wageni. Huku ukitaka mkate lazima uache tuta, ushuke kijijini, kisha upande tena kurudi. Kila kijiji unachokikosa, hesabu saa mbili zaidi bila duka.

Mtu akisikia tunaanzia mita 900 na kuishia baharini, anadhani ni mteremko mtupu. Sivyo. Kutoka Teruel unapanda kwanza hadi Puerto Escandón, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ni kama mita 300 za mwinuko, zikiwa zimetandazwa kwa upole kwa sababu kichwa cha treni chenye mabehewa ya mawe hakiwezi kupanda kilima kikali. Kwenye mwinuko wa mita 2 kwa kila 100 miguu haiumii. Kinachochosha ni kwamba haukomi. Gia ya meno 34 mbele na 34 nyuma inatosha hata ukiwa na kilo 15 kwenye keria. Penye ukali wa ghafla, jua kwamba reli haikupita hapo: tuta lilikatwa, pengine na barabara kuu ya A-23, na waliotengeneza njia wakakuzungusha. Unashuka mara moja, unapita chini ya barabara, unapanda kwa gia ndogo kabisa. Badili gia kabla ya kufika chini, maana cheni ikilazimishwa huku umeikanyaga kwa nguvu ndipo inaporuka au kukatika.

Tulitumia tairi za milimita 40. Upepo psi 40 mbele na 45 nyuma ulitufaa kwenye changarawe. Ukijaza zaidi, mikono inakufa ganzi kabla ya adhuhuri. Ukipunguza sana, tyubu inabanwa kati ya rimu na ukingo wa zege mahali changarawe inapokutana na daraja, na unapata matundu mawili yanayolingana kama umeumwa na nyoka. Pancha ya aina nyingine inatokana na mbigili, mbigili ileile ya kwetu, inayotambaa pembezoni penye jua. Usiegeshe baiskeli majanini, na usiing'oe mbigili tairini kabla hujashika kiraka na solusheni, vinginevyo utalitafuta tundu kwa kusikiliza. Tyubu mbili za akiba kwa kila mtu si nyingi, kwa sababu vijiji hivi havina duka la baiskeli.

Baada ya Escandón njia inashuka taratibu hadi La Puebla de Valverde, halafu Sarrión. Pande zote ni mialoni midogo iliyopandwa kwa mistari, na mgeni huiona kama msitu uliodumaa. Ile ni mashamba: chini ya mizizi yake wanavuna uyoga mweusi wa ardhini, trufa, unaouzwa kwa bei ya kutisha, na Sarrión inajulikana kwa uyoga huo kuliko kitu kingine chochote. Mbele kidogo, daraja refu la mawe linavuka korongo la mto Albentosa. Ukiwa juu yake hulioni vizuri. Simama baada ya kulivuka, ugeuke.

Chakula kinahitaji saa kuliko pesa. Mikahawa hupika mchana kuanzia saa nane hadi saa kumi, kisha jiko linafungwa hadi saa tatu usiku. Maduka hufungwa saa nane na kurudi saa kumi na moja jioni. Jumapili usitegemee chochote. Teruel ni nchi ya nguruwe, na paja lake lililokaushwa linaingia hata kwenye vyakula usivyovitarajia, kama migas, ambayo kwa macho ni makombo ya mkate tu. Asiyekula nguruwe aagize mkate wenye tortilla ya mayai na viazi, au wa jodari, au wa jibini, na aseme “sin jamón”, yaani bila paja hilo, mwanzoni, si sahani ikishafika. Maji beba lita 2 wakati wa kuchipua, 3 kiangazi. Mwezi wa saba na wa nane hatuishauri kabisa: kivuli hakuna hadi ushuke bondeni. Desemba nako usijaribu. Calamocha, kaskazini ya Teruel, iliwahi kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri mwaka 1963. Mwezi wa tano na wa kumi ndiyo miezi yenyewe.

Tulilala Barracas, kwenye uwanda wa karibu mita 1,000 wenye mitambo ya upepo, na mitambo ile haikuwekwa pale kwa mapambo. Upepo ukitoka mbele, tambarare hii inachosha kuliko kilima cha Escandón. Ondoka alfajiri.

Kisha mteremko. Kati ya Barracas na Segorbe unapoteza kama mita 600 bila kukanyaga pedali kwa nguvu. Barabara ya zamani ilitelemka kwa kona kali pale Ragudo. Reli ilizunguka, na mizunguko hiyo ndiyo raha ya siku ya pili. Breki hazipati moto, ila mwendo unakudanganya: kwenye kila makutano na barabara ya shamba kuna vyuma vya kuzuia magari, na mikoba ya pembeni ni mipana kuliko mikono ya baiskeli. Punguza mwendo, pita katikati. Trekta zinaruhusiwa baadhi ya vipande. Taa ya mbele iwake kabla ya handaki, miwani ya jua ivuliwe, kwa kuwa hatua za kwanza ndani macho hayaoni kitu.

Hali ya hewa inabadilika ukiwa juu ya baiskeli. Misonobari inaachia milozi, milozi inaachia mizeituni. Wahispania huita tunda lake aceituna, nasi twasema zeituni. Wote jina hilo tumelitoa kwa Waarabu. Mfereji wa kumwagilia ni acequia, kutoka as-saqiya, na bonde hili la mto Palancia limejaa mifereji hiyo. Jérica inaonekana mapema kwa mnara wake wa kengele, wa Mudéjar pia. Navajas ina mti wa elm uliopandwa uwanjani mwaka 1636 na maporomoko ya Salto de la Novia. Acha baiskeli juu, ushuke kwa miguu. Segorbe ina chemchemi yenye mabomba 50, kila moja na nembo ya mkoa mmoja wa Hispania. Jaza chupa hapo.

Siku ya tatu ni fupi. Baada ya Soneja na Algimia de Alfara michungwa inaanza, na kuelekea Sagunto tulitumia pia barabara ndogo za mashambani zenye magari machache. Kofia ngumu ivaliwe, sheria inaitaka nje ya mji. Sagunto ina ukumbi wa maigizo wa Kirumi na ngome juu ya kilima, mji uleule ambao Hannibal, jemadari wa Karthago, aliuzingira mwaka 219 kabla ya Kristo.

Lakini treni ya madini haikuishia hapo, nasi tukasogea hadi Puerto de Sagunto, kilomita chache tu, kwenye bahari. Mwaka 1917 wenye reli walianzisha hapo kiwanda cha chuma. Tanuru zake zilizimwa mwaka 1984. Moja, nambari 2, imeachwa imesimama kati ya majengo ya makazi. Baiskeli tuliziegemeza kwenye uzio wake, tukafuta vumbi jekundu kwenye cheni, tukatia mafuta kabla chumvi ya bahari haijaiwahi, tukarudi kituoni Sagunto kupanda treni ya Valencia.